Ungamo na Sitara

Huzuni ni mali ya kila mtu, lakini watu hawaitumii kwa namna moja. Yuko aifungiaye moyoni kama akiba, na yuko aitoaye hadharani watu wakaitazama. Wa kwanza husifiwa kwa uvumilivu na hulaumiwa kwa ukimya. Wa pili husifiwa kwa unyofu na hulaumiwa kwa kukosa haya. Kiswahili kimempa kila mmoja wao wakili. Wakili wa asemaye ni methali isemayo kuwa mficha uchi hazai. Wakili wa anyamazaye ni ile isemayo kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye busara hachagui moja akaitupa ya pili, kwa sababu maisha huzihitaji zote mbili, na ugumu uko katika kujua ni wakati gani ipi itangulie.

Ugumu huo huzidi huzuni inapogeuzwa kuwa sanaa. Mtu akilia msibani, hapana ajaye na mizani kupima kilio chake kama ni kizuri au kibaya. Afanyaye hivyo hufukuzwa, na kufukuzwa kwake ni haki. Walakini mtu huyo huyo akikifanya kilio chake wimbo, wimbo ukatiwa katika santuri, na santuri ikauzwa dukani, mizani huletwa, na aletaye huitwa mhakiki. Mhakiki naye ana haki yake, kwa kuwa kilichotolewa kwa umma huzungumzwa na umma. Hapo ndipo maswali huzuka. Je, ni haki kukihukumu kilio cha mtu? Kama ni haki, kihukumiwe kwa kanuni ipi: ya ukweli wake, ya uzuri wake, au ya manufaa yake kwa wasikiao? Na je, msikilizaji ana haki ya kudai aambiwe zaidi ya alivyoambiwa? Maswali haya yakiulizwa kwa jumla huzaa maneno mengi na nuru kidogo. Ni afadhali yaulizwe juu ya kazi moja ambayo imesikiwa, imesifiwa, imelaumiwa, na imefahamiwa vibaya kwa muda wa zaidi ya nusu karne.

Kazi hiyo ni santuri iitwayo Blue, ya Joni Mitchell, iliyotolewa na kampuni ya Reprise mwezi wa Juni mwaka 1971. Mtungaji alizaliwa mwaka 1943 katika mji mdogo wa Fort Macleod, jimbo la Alberta, Kanada, akakulia Saskatoon. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipatwa na ugonjwa wa polio, na mkono wake wa kushoto ukapungua nguvu. Alipojifunza gitaa baadaye alizoea kuzilegeza na kuzikaza nyuzi kwa namna zisizo za kawaida ili vidole vyake viweze kuzimudu, na sauti ngeni zilizopatikana kwa njia hiyo zikawa alama ya utunzi wake. Alianza kama waimbaji wengi wa miaka ya 1960 katika Kanada na Marekani waliofuata mtindo wa nyimbo za jadi, ambao mwimbaji husimama peke yake na gitaa lake, akasimulia hadithi kama watu wa mashamba walivyofanya zamani. Tofauti ni kwamba nyimbo za jadi husimulia misiba ya watu waliokwisha kufa, na katika Blue msiba ulikuwa wa mwimbaji mwenyewe.

Nyimbo za santuri hiyo ni 10. Zilinaswa Hollywood, na vyombo vyake ni vichache: gitaa, piano, na dalsima, chombo cha nyuzi cha watu wa milima ya Appalachia. Wapigaji waliomsaidia, akiwamo James Taylor, walikuja wimbo mmoja mmoja wakaondoka. Mahali pengi hapana kitu ila sauti na chombo kimoja, na kimya kati yake. Habari zake ni za mapenzi yaliyovunjika, safari za Ulaya zisizotuliza moyo, na mtu ajuaye kuwa sehemu ya makosa ni yake. Hapana ngoma kubwa ya kufunika udhaifu wa neno, wala kundi la waitikiaji la kumtia mwimbaji nguvu. Aliyekaa kuisikiliza hupata hisia ya kuketi karibu mno na mtu asiyemjua.

Siku hizi hudhaniwa kuwa wahakiki wa kwanza hawakuiona thamani ya kazi hii. Dhana hiyo si sahihi kabisa. Mwezi wa Agosti 1971 Timothy Crouse aliandika katika gazeti la Rolling Stone kuwa mwimbaji huyu, kwa kujionyesha waziwazi kiasi hicho, alikuwa amejihatarisha kuonekana kichekesho ili aufikie utukufu, na kwamba ni mara chache tu alionekana kichekesho. Mwezi huo huo Don Heckman aliandika katika New York Times kwamba alihisi santuri hii ingechukiwa kuliko zote zilizoitangulia, ijapokuwa ilijaribu mambo makubwa zaidi na kukidai kipaji cha mwimbaji zaidi; wapenzi wa wimbo wa sanaa, alisema, ni wachache kuliko wapenzi wa hadithi za kuimbwa. Haya si maneno ya wapumbavu. Watu hawa walisikia kuwa mbele yao pana kitu kipya, wakakisifu kwa tahadhari, kama mtu asifuvyo chakula ambacho hajajua bado kama kitamkaa tumboni.

Lakini pembeni ya baraza hili la wahakiki palikuwa na baraza la pili, ambalo halikusikiliza nyimbo bali lilihesabu watu. Gazeti lile lile la Rolling Stone mwaka 1971 lilimpa Mitchell cheo cha dhihaka kwa sababu ya wanaume aliopata kuwapenda, na mwaka 1972 likachapa mchoro wenye kuonyesha wapenzi wake. Wanaume wa kundi lile lile la wanamuziki, ambao hawakuwa na mapenzi machache kuliko yake, hawakuvikwa cheo kama hicho. Mitchell aliacha kuzungumza na gazeti hilo kwa miaka mingi. Alijitenga katika pwani ya jimbo la British Columbia, akajenga nyumba ya mawe. Alipokubali hatimaye kuhojiwa na gazeti hilo mwaka 1979, alisema kuwa katika siku za Blue hakuwa na kinga yoyote, na alijiona kama karatasi ya nailoni ing'aayo iliyofunika pakiti ya sigara: kila mtu angeweza kuona ndani.

Mabaraza haya mawili yalikuwa na neno moja la pamoja, nalo ni ungamo. Neno hilo lilikwisha kuingia katika uhakiki kabla ya santuri hii. Mwaka 1959 M. L. Rosenthal, akihakiki kitabu cha mashairi cha Robert Lowell kiitwacho Life Studies, aliyafananisha mashairi hayo na maungamo, na tangu hapo kila mtunzi aliyesema juu ya ndoa yake, ugonjwa wake au wazazi wake akaitwa mtunzi wa ungamo. Mitchell mwenyewe amelikataa neno hilo zaidi ya mara moja. Hoja yake ni kuwa ungamo ni jambo ambalo mtu hutolewa kwa nguvu mbele ya askari, au hulitoa mbele ya padri, na yeye hakuwa mbele ya mmoja wao.

Hoja hii yastahili kupimwa, kwa kuwa neno baya huweza kuharibu fikira njema. Ungamo lina nguzo tatu. Ya kwanza ni kosa, kwa maana asiye na kosa hana la kuungama. Ya pili ni msikilizaji mwenye mamlaka, ambaye aweza kufunga na kufungua. Ya tatu ni hukumu, iwe adhabu au msamaha. Mhakiki akiuita wimbo wa huzuni ungamo, amekwisha kuzisimamisha nguzo hizi tatu bila ya kujua: amemfanya mwimbaji mkosa, amejikalisha yeye mwenyewe katika kiti cha mwenye mamlaka, na amejipa kazi ya kuhukumu roho badala ya kazi. Baada ya hapo si ajabu baraza la pili kutokea. Mchoro wa wapenzi uliochapwa mwaka 1972 ulikuwa mtoto halali wa neno hilo. Aliyeambiwa kuwa asikiacho ni ungamo huona ni haki yake kuuliza majina.

Sasa hapana budi kuutazama wimbo mmoja kati ya zile 10, kwa sababu ndani yake jambo hili lote limefungwa. Wimbo huo, uitwao Little Green, ulikuwa umetungwa miaka kadhaa kabla ya kutiwa katika Blue. Crouse, aliyeisifu santuri kwa jumla, hakuupenda. Aliona kuwa ni mzuri wa sauti, lakini umepambwa kwa mafumbo mengi mno hata akili haiwezi kuufikia. Kwa mtu aliyeisifu kazi kwa uwazi wake, lawama hiyo ilikuwa ya haki: hapa palikuwa na wimbo mmoja usio wazi, nao ukaonekana kama doa.

Miaka 22 ilipita. Mwaka 1993 mtu aliyemfahamu mwimbaji zamani aliiuza habari yake kwa gazeti la uvumi, na dunia ikajua kuwa mwezi wa Februari mwaka 1965, mjini Toronto, Mitchell, wakati huo msichana wa miaka 21, maskini na asiyeolewa, alizaa mtoto wa kike akamtoa alelewe na watu wengine. Katika Kanada ya siku hizo mama asiye na mume alibebeshwa aibu kubwa, na uuzaji wa vizuizi vya mimba ulikuwa kosa la jinai hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1969. Mama na mwana walionana tena mwaka 1997. Ndipo watu waliporudi kuusikiliza Little Green, wakakuta kuwa neno baada ya neno ni maagano ya mama na mtoto wake.

Methali husema kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Yafaa kuuliza kama Crouse alikuwa mjinga. Jibu la haki ni hapana. Mhakiki hujua kile kilichowekwa mbele yake. Hapewi cheti cha uzazi cha mtunzi pamoja na santuri. Kutokujua kwake habari za Toronto si kosa, na lau angeijua kisha akaitangaza, kosa lake lingekuwa kubwa zaidi. Lawama yake, kama ipo, iko mahali pengine. Alipokutana na asichokifahamu alidhani kuwa hapana cha kufahamu. Aliuona ufichaji, akauhesabu kuwa pambo.

Lakini mafumbo si ya namna moja. Liko fumbo la pambo, ambalo mtunzi hulifunga ili asifiwe kwa ufundi wa kufunga. Na liko fumbo la sitara, ambalo mtunzi hulifunga kwa sababu chini yake amelala mtu. Kwa macho ya haraka yote mawili hufanana, kama vile nguo ya sherehe na sanda zaweza kukatwa katika jora moja. Aliyetulia huweza kuyatenga. Fumbo la pambo hufumba kila kitu kwa kiasi kimoja, kwa maana lengo lake ni kufumba. Fumbo la sitara huacha wazi yote ila jambo moja. Ndivyo ulivyo wimbo huu. Mtoto ametajwa, na kupewa jina kumetajwa. Makaratasi ya kutiwa sahihi yametajwa, na majira ya mwaka yametajwa, na huzuni imetajwa kwa jina lake. Lililofichwa ni moja tu: mtoto huyu ni wa nani. Aliyesikiliza kwa subira angeweza kujua kuwa mtu anaagana na mtoto, hata bila ya kumjua mtu huyo. Naye asingehitaji kumjua.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kuwekwa kando ya wimbo huu. Jean-Jacques Rousseau, mwandishi wa Kifaransa aliyekufa mwaka 1778, aliandika kitabu alichokiita Maungamo, na katika sehemu yake ya pili, iliyochapwa mwaka 1789, alikiri kuwa watoto wake watano walipelekwa katika nyumba ya watoto waliotupwa mjini Paris. Alilisema jambo hilo wazi, kisha akatoa sababu. Alidai kuwa alidhani anatenda kama raia wa jamhuri ya Plato, na kuwa watoto wangelelewa vibaya kama wangebaki. Msomaji hupata habari kamili, hesabu kamili, na hoja kamili. Asichopata ni watoto. Katika kurasa zile hawana uso wala jina, wala mtu hawaoni kuwa wamekosa kitu. Rousseau alikifunua kitendo akakificha kilio. Mitchell alikificha kitendo akakifunua kilio. Kwa kipimo cha habari, Rousseau ndiye aliyesema kweli zaidi. Kwa kipimo cha moyo, mambo hugeuka, kwa sababu katika maneno yake msikilizaji humwona mwandishi akijitetea, na katika wimbo wa Mitchell humwona mtoto akitakiwa heri.

Hapa kanuni ya unyofu, ambayo wahakiki wengi huitegemea, hutikisika. Leo Tolstoy, katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa kilichotoka mwishoni mwa karne ya 19, alifundisha kuwa sanaa ni kuambukiza hisia, na kuwa sharti kuu la kuambukiza ni unyofu wa msanii. Mafundisho hayo yana ukweli mkubwa, maana msikilizaji huhisi mara moja anapodanganywa. Lakini yakichukuliwa peke yake huzaa kosa: watu hudhani kuwa unyofu ni wingi wa habari, na kuwa mwenye kufunua zaidi ni mnyofu zaidi. Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, aliweka tofauti ifaayo. Kuonyesha dalili za hisia ni jambo moja. Uso hupauka, sauti hukatika, machozi hutoka, na hayo hayahitaji akili wala sanaa. Kuitamka hisia ni jambo jingine. Ni kuitafuta hata ijulikane ni hisia gani, pamoja na mpaka wake na sura yake, isiwe tena kelele iliyomjaa mtu bali kitu akijuacho. Anayelia hutoa dalili, na anayetunga hutafuta. Kwa kanuni hii sitara si adui wa unyofu, kwa sababu mtu huweza kuijua huzuni yake kwa ukamilifu na kuitamka kwa ukamilifu bila ya kutaja anwani yake.

Ushairi wa Kiswahili una ushahidi wake. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alitunga utenzi wake karibu na mwaka 1858 hali ni mgonjwa, akausia binti yake. Utenzi ule ulikuwa maneno ya mama mmoja kwa mwana mmoja, lakini vizazi vimeusoma kama mali yao. Msomaji hana haja ya kuchunguza maradhi ya mtunzi ili asikie uzito wa wasia wa mtu anayejua kuwa siku zake zimebaki chache. Mpango wa mizani na vina umebeba mzigo huo kwa heshima, ukamwachia mtunzi faragha yake. Mwana Kupona alimwachia mwanawe mashauri kwa kuwa alikuwa naye; Mitchell alimwachia wake dua kwa kuwa hakuwa naye. Wote wawili walimsemesha mmoja mbele ya wengi, na umbo la utunzi likawa pazia kati ya huyo mmoja na hao wengi.

Iko hatari nyingine, nayo hutoka katika sifa. Hata marafiki waliona kuwa Blue imefunua kupita kiasi, na husimuliwa kuwa Kris Kristofferson, mwimbaji mwenzake, alimshauri Mitchell ajiwekee kitu kidogo. Ushauri ulikuwa wa upendo, lakini haukujua kuwa kitu kilikwisha kuwekwa. Umma nao ulisifu kwa sauti kuu kuwa hapa yupo mtu asiyeficha lolote. Sifa hiyo ni deni. Anayesifiwa kwa kutoficha hutarajiwa afichue tena kesho, na kesho kutwa zaidi, mpaka asibakiwe na kitu cha kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huzuni ya mwimbaji ni nyepesi sana mikononi mwa mnunuzi. Mhakiki amwambiaye msanii kuwa uzuri wa kazi yake ni uchi wake humfundisha kuwa siku atakapovaa nguo atakuwa amekwisha. Ukweli wa Little Green huivunja sifa hiyo. Santuri iliyopendwa kwa kutoficha kitu ilikuwa na siri katikati yake, na yamkini siri hiyo ndiyo iliyozipa nyimbo nyingine uzito ambao watu waliuhisi wasiweze kuutaja.

Baada ya mwaka 1993 kosa liligeuka upande wa pili. Wimbo uliolaumiwa kwa kutofahamika sasa ulifahamika mno. Watu waliusikiliza kama hati ya mahakama, wakilinganisha kila mstari na tarehe, na aliyepata ulinganifu aliona kuwa amemaliza kazi ya kusikiliza. Lakini ufunguo si nyumba. Kujua kuwa mtoto alizaliwa Toronto hakuelezi kwa nini sauti hupanda mahali pale na si pengine, wala kwa nini gitaa hubaki tulivu ilhali maneno yanakaribia kuvunjika, wala kwa nini mtu asiyepata kuzaa wala kutoa mtoto huusikia wimbo huo akamkumbuka mtu wake mwenyewe. Kabla ya mwaka 1993 wimbo ulihukumiwa kwa upungufu wa habari. Baada yake ulisifiwa kwa wingi wa habari. Katika hali zote mbili wimbo wenyewe ulikaa mlangoni ukingoja kukaribishwa.

Mtu aweza kuleta pingamizi hapa. Atasema: kama huzuni ina sitara yake, na kama mhakiki hana haki ya kuuliza, basi kila mtunzi hafifu atajificha nyuma ya msiba wake, na hakuna atakayethubutu kumwambia kuwa wimbo wake ni mbaya. Pingamizi hili ni la kweli, na ni lazima lijibiwe bila ya huruma. Msiba hautungi wimbo. Waliofiwa ni wengi kuliko mchanga, na nyimbo njema za msiba zahesabika. Mtu aweza kulia kwa kweli na kutunga kwa uvivu. Machozi yake yastahili heshima na wimbo wake wastahili lawama, na anayetoa vyote viwili hajipingi. Heshima ni ya mtu, hukumu ni ya kazi. Anayevichanganya humdhulumu mwimbaji mwema, kwa kuwa humsifu kwa jambo ambalo hata asiyejua kuimba analo.

Wimbo uitwao River, katika santuri hiyo hiyo, huonyesha hukumu ya kazi inavyoweza kufanywa. Piano huanza na sauti ya Jingle Bells, wimbo wa James Pierpont wa mwaka 1857 ambao watu wa nchi zile huuimba kwa furaha wakati wa Krismasi. Lakini hapa sauti ile ya furaha imepunguzwa mwendo na kutiwa kivuli, kama nyumba ya sherehe itazamwavyo na mtu aliye nje. Msikilizaji hajaambiwa neno hata moja, naye amekwisha kujua jambo zima: kuwa wengine wanafurahi, na kuwa mtu huyu hana mahali kati yao. Mhakiki aweza kuieleza kazi hiyo kidole kwa kidole. Aweza kusema kama imefaulu au imeshindwa, na kwa nini. Hapana haja ya kujua ni mwanaume gani aliyeachwa mwaka 1970. Furaha ya umma imechukuliwa, imepitishwa katika huzuni ya mmoja, na imerudishwa kwa umma ikiwa mali ya kila aliyewahi kuwa mpweke siku ya sikukuu. Kurudisha huko ndiko kunakotenga wimbo na kilio, kwa kuwa kilio hubaki kwa mwenyewe.

Tangu hapo heshima ya Blue imepanda. Mwaka 2017 redio ya Marekani iitwayo NPR iliiweka ya kwanza katika orodha ya santuri 150 bora zilizofanywa na wanawake, na mwaka 2020 gazeti la Rolling Stone, lile lililochapa mchoro wa wapenzi, liliiweka ya 3 katika orodha yake ya santuri 500. Ilipotimiza miaka 50, mwaka 2021, Mitchell alieleza furaha yake kuwa watu wameielewa hatimaye, akakumbusha kuwa ilipotoka ililaumiwa sana. Furaha yake ni halali, na mwenye kungoja miaka 50 hanyimwi neno lake. Hata hivyo orodha ni mizani nyingine tu. Gazeti lililomtahayarisha mtu laweza kumpandisha daraja baada ya nusu karne bila ya kujifunza lolote juu ya namna ya kusikiliza, na mwimbaji mwingine, mdogo na asiye na jina, aweza leo kuwekwa katika mchoro kama ule.

Kwa hiyo swali la kwanza lajibiwa hivi. Ni haki kukihukumu kilichofanywa kwa kilio, lakini kilio chenyewe si cha kuhukumiwa. Kanuni ya hukumu si wingi wa ukweli uliofunuliwa, wala ukubwa wa msiba, bali ni kama kazi imeijua huzuni yake na kuifanya makazi ya wengine. Mhakiki akutanapo na fumbo, na angoje kwanza ajue kama ni pambo au ni sitara. Na akishindwa kujua, ni bora akiri kuwa hakufahamu kuliko kusema kuwa hapana cha kufahamiwa. Akigundua kuwa ni sitara, kazi yake imekwisha mahali hapo. Aweza kusifu mshono wake, aweza kusema kuwa umekazwa mno au umelegea, lakini mkono wake usiinue ncha ya nguo.

Na msikilizaji, ambaye hana gazeti wala kalamu, ana sehemu yake katika adabu hii, maana wachoraji wa michoro huchora kwa sababu wako wanunuzi. Ameruhusiwa kuisikia huzuni ya mtu asiyemjua, na kwa muda wa dakika chache kuifanya yake. Ruhusa hiyo haina hati ya kuingia chumba cha ndani. Kwa miaka 22 maelfu ya watu waliusikia Little Green, wakauhisi, wakaupenda, wala hawakujua. Mtoto yule, mahali alipokuwa, alikua bila ya kuelekezewa kidole, na mama yake aliweza kumwimbia mbele ya dunia nzima. Wimbo ulifanya kazi zake zote mbili kwa pamoja, ya kusema na ya kustiri, mpaka siku mtu alipoona kuwa siri ina bei.